Mifuko Thelathini ya Kifungu cha Saba

Jumatatu, 3 Oktoba 1988

Leo nimekwenda kudai changu. Nimevaa abakosti ya kijivu, ile suti yangu ya sikukuu, na kalamu mbili mfukoni ingawa moja haina wino. Nimepanda kilima hadi zahanati ya masere. Jengo langu! Wodi ya wazazi yenye vitanda kumi, na depo, yaani ghala, nyuma yake. Nimelijenga mimi, Urbain Kisimba, mjenzi wa mikataba hapa Kalemie. Nimesimama mbele yake kidogo ili wapita njia wanione.

Masere Godelieve, mtawa anayeshika fedha za zahanati, amenipokea vizuri. Amenipa maji. Kisha ametoa mkataba kwenye droo, nikajua siku imeharibika. Kifungu cha saba. Katika malipo yote, kumi kwa mia zinashikwa. Zitaachiliwa siku ya mapokezi ya mwisho, yaani mvua kubwa tatu zikishapita bila tone kuingia ndani. Tone likiingia, gharama ya matengenezo inakatwa kwenye hizo kumi. Nikamwambia mvua hazijaanza. Akasema ndiyo sababu tunazingoja. Akanionyesha saini yangu pale chini. Ipo kweli. Saini nzuri, yenye mkia mrefu.

Kwa hiyo zaire elfu sitini zimelala kwenye sanduku la masere. Na elfu arobaini kati ya hizo si zangu. Ni za Mama Lucie, mke wangu. Mwezi wa sita mbao na misumari zilinishinda, nikachukua mtaji wake wa ndagala, yaani dagaa, nikaapa utarudi kabla ya tarehe tano Novemba. Siku hiyo mashua inakwenda Zongwe, kusini mwa ziwa. Kila mwaka Mama Lucie anashuka huko kununua ndagala, anarudi nazo, anazipakia kwenye treni ya Kabalo. Minerval ya watoto, ile karo ya shule, inatoka humo. Sabuni pia. Bila mtaji hakuna safari.

Sijamwambia habari ya mvua tatu. Nimemwambia mambo yanaendelea.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimepata akili! Kama mvua haiji, nitaileta. Nimeomba ruhusa ya kujaribu paa kwa maji. Masere akakubali, kwa udadisi nadhani. Nimepanda ngazi na ndoo nane, moja baada ya nyingine, nikamwaga juu ya wodi. Mama wajawazito wametoka kutazama, mmoja akapiga makofi. Ndani hakukuingia tone. Nimeshuka nimelowa mpaka soksi lakini kichwa juu.

Masere amesema paa ni zuri, anashukuru, na kwamba ndoo si mvua. Mvua kubwa, kwa hesabu yake, ni ile inayojaza pipa la bluu chini ya mfereji wa paa mpaka linafurika. Ana daftari la kuziandika. Manyunyu hayahesabiwi. Ni nani alimfundisha mtawa ukali huu?

Papa Augustin alikuwepo pia. Huyu ni mjenzi mwenzangu, tuseme mwenzangu kwa heshima tu, kwa maana zabuni ya zahanati aliitaka yeye nikaipata mimi. Tangu hapo hapitwi na kazi yangu hata ukuta mmoja. Alisimama na mikono mgongoni, akasema wodi hana neno nayo, ila angependa kuona ndoo nane juu ya depo. Nikacheka. Nilicheka muda mrefu kupita kiasi, nafikiri.

Hapa naandika kwa ajili yangu peke yangu. Mabati ya depo si mapya. Niliyanunua kwenye banda la zamani lililobomolewa karibu na reli. Yalikuwa na matundu ishirini na mawili ya misumari ya zamani. Niliyaziba kwa lami, moja moja, kwa uangalifu mkubwa. Nilijisemea depo ni la ndoo na vitanda vibovu, nani atainua macho? Na faida ilikuwa ndogo mno mwezi ule.

Ijumaa, 7 Oktoba

Mfuko wa simenti ya Kabimba ulikuwa zaire elfu moja na mia nane wiki jana. Leo ni elfu mbili. Nimekaa sokoni nikapiga hesabu kwenye karatasi ya sigara. Mvua tatu zikimalizika mwezi wa kumi na mbili, elfu sitini zangu hazitanunua hata mlango. Masere hali fedha yangu. Fedha yenyewe inajila sandukuni.

Basi hili ndilo wazo, nalo ni kubwa kuliko lile la ndoo. Kifungu cha saba kinasema kumi kwa mia zishikwe. Hakisemi zishikwe kwa noti. Masere anunue simenti leo kwa elfu sitini, aishike simenti. Bei ikipanda, simenti inapanda nayo. Siku ya mapokezi nauza, narudisha mtaji wa Mama Lucie, nabaki na faida nono.

Nimemweleza Mama Lucie wakati anachambua maharagwe, na ya mvua tatu pia, kwa kuwa haikuwezekana kuieleza moja bila nyingine. Amechambua mpaka akamaliza sinia. Kisha akauliza kama nisingeweza kumwomba Masere aachilie zile arobaini tu, kwa kumwambia ukweli kwamba ni mtaji wa mke. Nimesema huko ni kuombaomba. Mtu wa mikataba haombi, anapendekeza.

Jumatatu, 10 Oktoba

Amekubali! Nilijiandaa kwa saa mbili za maelezo, Masere akakubali katika dakika tano. Alisema yeye ni mtoto wa Moba, baba yake alikuwa mfanyabiashara, na ameona noti zikigeuka makaratasi tangu utotoni. Ameandika nyongeza ya mkataba kwa mkono wake. Mifuko thelathini, mali ya Citoyen Kisimba, yaani mimi, imeshikwa kama dhamana hadi mapokezi ya mwisho. Ikiharibika, hasara ni ya Citoyen Kisimba. Nikasaini, mkia mrefu zaidi kuliko wa kwanza.

Halafu nikauliza, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi, simenti itawekwa wapi.

Akasema kwenye depo. Wapi pengine? Paa ni langu, ukuta ni wangu, simenti ni yangu. Kama depo halivuji, nimejilinda mwenyewe. Alionekana amefurahi sana na wazo hilo. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu bado. Kumwambia depo lisitumike ni kumwambia kwa nini.

Alhamisi, 13 Oktoba

Mifuko imefika kwa mkokoteni. Nimeipanga mwenyewe katikati ya depo, mbali na kuta, juu ya mbao. Niliinua macho. Matundu ishirini na mawili, na lami yake imepasuka kwa jua la kiangazi. Mwanga ulipita humo kama kwenye chekecheo.

Nimerudi kwa Masere na sababu ya kuhamisha. Wezi, nikasema. Akanunua kufuli jipya, ufunguo akautia mfukoni mwake. Nikasema panya. Akauliza tangu lini panya wanakula simenti. Nikasema wanatoboa mifuko kwa hasira tu. Akanitazama kwa huruma, akanipa maji tena.

Bei leo ni elfu mbili na mia mbili. Nimeingiza faida ya elfu sita bila kuinua mwiko! Nimeshindwa kula chakula cha jioni.

Jumapili, 16 Oktoba

Mpango ulikuwa rahisi. Watu wote misani, mimi juu ya paa la depo na kopo la lami. Nimemwambia Mama Lucie tumbo linaniuma. Nimebeba ngazi kupitia nyuma ya kilima.

Nimeziba matundu kumi na tano salama. La kumi na sita lilikuwa pale bati lilipoliwa na kutu. Mguu wangu ukapita mpaka gotini. Nilibaki hapo, mguu mmoja ndani ya depo ukining'inia juu ya simenti yangu, mwingine nje, nikisikia wimbo wa komunyo kutoka kanisani. Niliutoa mguu polepole. Suruali imepasuka. Tundu sasa lina ukubwa wa kichwa cha mbuzi.

Nimekimbia nyumbani, nikachukua kitu cha kwanza chenye ukubwa wa kutosha. Beseni ya enameli ya Mama Lucie, ile yenye maua mekundu. Nimeifunika juu ya tundu na jiwe la kuishikilia. Ukiwa chini inaonekana kama kitu kilichopangwa.

Watu walikuwa wanatoka misani nilipokuwa nashuka. Papa Augustin mbele yao wote, bila shaka. Aliuliza tumbo linaendeleaje. Nikasema naangalia kama mashua ya Moba imeonekana. Akageuka akatazama ziwa, akatazama ngazi, akanitakia Jumapili njema.

Jumanne, 18 Oktoba

Asubuhi Mama Lucie ametafuta beseni yake nyumba nzima. Ameuliza kwa Mama Constance, jirani yetu. Ameuliza watoto. Mimi nilisoma gazeti la mwaka jana. Saa nne akampeleka mtoto wa dada yake zahanati, na pale kwenye benchi la kungojea, akainua macho.

Alirudi akaketi mbele yangu. Hakupandisha sauti. Aliuliza, “Papa Urbain, beseni yangu iko inafanya nini kule juu?”

Nimemwambia yote. Mabati, lami, mguu. Ilichukua muda. Nilitegemea kelele. Akasema tu kwamba franga yake, mtaji wake, njo ile iko ndani ya ile mifuko, na kwamba tupande sasa hivi tumwambie Masere, mifuko itolewe leo, hata kama atakata kitu. Alikuwa tayari amesimama.

Nikamwomba angoje. Nikasema tukikiri, Kifungu cha saba kitatula. Jumamosi Camille seremala atakuja kurekebisha kimya kimya, hakuna atakayejua, hakuna kitakachokatwa. Nikamshika mkono. Alikubali, nami nikajiona mume mwenye bahati. Naandika hili kwa haya: alikubali kwa kuwa ananiamini.

Ijumaa, 21 Oktoba

Nimekwenda kwa Camille. Ndiye aliyepaua wodi yote, kazi safi. Anakaa ng'ambo ya mto Lukuga. Alikuwa anapiga randa, hakuiacha.

Tatizo ni kwamba mwezi wa nane nilimlipa Camille tisini kwa mia. Zile kumi nilizishika. Masere ananishikia, nami nikamshikia, ndiyo sheria ya ujenzi, inateremka kama maji. Nilimwandikia hata karatasi yenye kifungu. Nilijivunia karatasi hiyo.

Sasa akaniuliza kama mvua zangu tatu zimepita. Nikasema bado. Akasema, “Basi nitakuya siku zitapita, Patron.” Nikasema itakuwa nimechelewa. Akasema mke wake amejifungua kwenye wodi hiyo hiyo mwezi wa tisa na yeye hakuwa na franga ya kununua kitenge cha mtoto. Sikujua. Nimerudi kwa miguu daraja lote.

Nitafanya mwenyewe kesho asubuhi. Bati moja jipya, misumari kumi. Hali ya hewa ni nzuri kabisa.

Jumamosi, 22 Oktoba

Sikuamka mapema.

Saa saba mchana milima ya ng'ambo ikapotea. Ziwa likawa jeusi kutoka kusini, upepo ukaanza kubeba vumbi la soko zima. Nilikuwa nimefika nusu ya kilima na bati langu kichwani. Upepo ukalichukua. Sijui liko wapi. Huenda Uvira.

Masere alikuwa wodini na mama anayejifungua, ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Nikapanda paa la depo. Jiwe lilikuwa limeviringika, beseni inatikisika, maua mekundu yakigonga bati. Nikalala kifudifudi, nikaikumbatia beseni kwa mikono miwili. Lile tundu kubwa halikupitisha tone! Nilisali hapo, naapa. Lakini lami mpya ya Jumapili haikuwa imeshika, na matundu yale mengine nisingeweza kuyafunika kwa kiwiliwili changu. Niliyasikia. Maji yakishuka juu ya karatasi ya mifuko yana sauti yake.

Pipa la bluu lilifurika. Masere alitoka kwenye baraza na daftari, akaandika mvua ya kwanza. Kisha akaniona. Aliuliza nafanya nini huko juu. Nikamjibu nakagua kazi.

Ameniambia nishuke, mtoto amezaliwa, wa kike, na kwamba nitapata homa. Nikashuka. Amenipa chai.

Jumatatu, 24 Oktoba

Jumapili yote niliiombea simenti. Leo Masere amefungua depo. Tulikuwa mimi, yeye, Mama Lucie, na Papa Augustin ambaye alikuwa “anapita tu”.

Mifuko ishirini na sita ni mawe. Nimeigonga mmoja mmoja kwa kidole, kisha kwa ngumi. Minne ya katikati ndiyo imesalimika, ilikingwa na mingine. Mama Lucie aliweka kiganja juu ya mfuko mmoja, akakiacha hapo. Sijawahi kuona mkono wake umetulia hivyo mchana. Nilitaka ardhi inimeze, na saruji juu.

Masere amesoma nyongeza ya mkataba. Hakusoma kwa furaha. Alisema kifungu hakikuandikwa kuniua mimi, kiliandikwa ili mzazi asilowe kitandani, na kwamba kama ningemwambia siku ile ya kwanza, angeweka mifuko chini ya kitanda chake mwenyewe. Halafu akaandika chini yake kwamba paa la depo litengenezwe kwa gharama yangu kabla ya Noeli, na mifuko minne mizima ni lazima ibaki kama dhamana.

Hapo Mama Lucie akaongea. Alisema ukweli wote bila kupamba: arobaini ni zake, ndagala ya Zongwe, minerval ya watoto watatu, mashua ya tarehe tano. Hakulia, hakupiga magoti. Ilikuwa ni ile ile niliyoita kuombaomba. Masere alimsikiliza, akachukua kalamu, akafuta mstari wa ile mifuko minne, akaandika kwamba mifuko hiyo imeachiliwa mikononi mwa Mama Lucie.

Na mabati ya depo? Papa Augustin akakohoa. Alisema atatoa mabati manane mapya kwa ile mifuko ishirini na sita iliyoganda. Anajenga ngazi za kushukia ziwani, anahitaji mawe yaliyo sawasawa. Nilimwambia huo ni wizi wa mchana. Mama Lucie akamjibu tumekubali.

Jumatano, 2 Novemba

Mama Lucie ameuza simenti yake kwa kopo, sokoni, kwa watu wanaoziba nyufa za nyumba kabla ya mvua. Hakuna anayenunua mfuko mzima siku hizi. Kwa kopo bei ni karibu mara mbili! Sikuwahi kulifikiria hilo, mimi mwenye kalamu mbili.

Fedha ya kwanza kabisa amempelekea Camille. Zile kumi kwa mia zake zote, na kitenge juu. Nilisema mbona tunaanza na yeye wakati sisi wenyewe tumekauka. Camille amekuja siku hiyo hiyo na nyundo, ameezeka depo kwa mabati ya Augustin. Jana ilinyesha, pipa likafurika, ndani hakukuingia kitu. Masere ameandika mvua ya pili.

Jumamosi, 5 Novemba

Nimemsindikiza bandarini. Amebaki na elfu kumi na moja, na elfu nyingine tano za kukopa kwa Mama Constance. Chini ya nusu ya mtaji wake. Alikuwa amefunga kilemba cha safari, na beseni yake kichwani, ina kovu sasa pale jiwe lilipoibandua enameli. Nilitaka kusema samahani. Nilisema ajihadhari na upepo.

Akaniambia nisimtengenezee kitu chochote mpaka arudi. Alirudia, chochote. Mashua ikaondoka. Nilisimama mpaka ikapotea nyuma ya rasi, na nilianza kumkumbuka kabla hata haijapotea.

Papa Augustin amemaliza ngazi zake. Watu wanashuka nazo wakisema ni imara ajabu.

Jumatano, 16 Novemba

Habari njema mbili!

Ya kwanza: Mama Lucie amefanikiwa. Ndagala zilikuwa nyingi Zongwe, bei ikashuka, mwanamke yule ana mkono wa baraka. Amemtuma nahodha aniletee magunia manne, na ujumbe kwamba niyaweke pakavu, nisiyaguse, yeye anabaki kukausha mengine na atafika Jumapili ili awahi treni ya Jumanne. Nahodha alinikariria ujumbe huo mara mbili, kama alivyoagizwa, alisema.

Ya pili: nimepata mkataba! Papa Pierre, mfanyabiashara wa Kabalo, anataka depo karibu na bandari. Ametaka naye kushika kumi kwa mia hadi mvua ziishe. Mtu mwingine angetetemeka. Mimi nilikuwa tayari. Nimemwambia asishike noti, ashike bidhaa, na aiweke humo humo ndani ya depo nitakalolijenga. Alifikiri kidogo, akacheka, akanipa mkono.

Ilibaki fedha ya kununua mabati. Magunia manne yalikuwa yanakaa tu hapo sebuleni, yakinuka. Nimeyauza leo asubuhi. Bei haikuwa nzuri sana lakini ilikuwa ya haraka, na mabati niliyopata ni karibu mapya. Mama Lucie akishuka mashuani Jumapili nitakuwa hapo na abakosti yangu, nimweleze mwenyewe kabla Augustin hajamweleza. Mwanzo atanuna. Halafu atafurahi, kwa sababu safari hii nimetumia akili na sikurudia kosa. Simenti sitaki hata kuiona. Kwa dhamana nimechagua chumvi. Mifuko arobaini. Chumvi haigandi.